Kielelezo Namba Nne

Kanga moja, si doti. Mji wake rangi ya samli, pindo jeusi,
jina lake MFICHA UCHI HAZAI.
Ndivyo nilivyoandika, kwa mkono,
kwani kompyuta ya Mahakama hapa Chake
ilikufa tangu Jumatatu.
Ina doa la rangi ya kutu, upana wa sahani.
Jaji akaniuliza: sahani ipi?
Nikafuta. Sentimita ishirini na tatu.

Ilifukuliwa mgombani, nyuma ya choo,
siku mbili baada ya Msellem wa duka
kukutwa kalala juu ya magunia yake ya sukari,
shingo imefunguka.
Koplo aliapa: nguo haioti, Mheshimiwa.
Aliyeifukia ana neno.
Na Mize binti Shaame alikuwa na deni,
elfu arubaini na tatu, limo daftarini,
na mtaa mzima ulimsikia akimwambia marehemu
"Utanitambua."
Yalitosha. Watu wa madirishani walishahukumu
kabla ya adhana ya adhuhuri.

Damu ikasafiri.
Bahasha ya kaki, lakiri, sahihi tatu,
ikapanda boti Mkoani kama mgonjwa wa rufaa,
ikakaa Unguja miezi minne.
Mize naye rumande, miezi minne,
akisubiri damu iitwe jina.

Mkemia alikuja na miwani iliyofungwa uzi.
Bwana Thuwein. Sauti ndogo,
ya mtu asiyependa kuulizwa mara mbili.
Ni damu ya binadamu, alisema.
Mwendesha mashitaka akakaa vizuri.
Si ya marehemu.
Mwendesha mashitaka akasimama.
Ni ya mwanamke; vinasaba ni vya mshitakiwa.
Akafungua ukurasa, akaufunga, akaufungua.
Na imo nyengine, Mheshimiwa, ndani ya hiyo.
Kidogo sana.
Nusu ni ya huyu mama. Nusu sijui ya nani.

Feni. Nilisikia feni tu.
Mavyaa wake, benchi la pili, aliachia tasbihi.
Mume yuko Maskati, mwaka wa tatu huu,
na hakuna aliyekuwemo mle
asiyejua kuhesabu miezi.

Wanasema damu haisemi uongo.
Haisemi. Ila nani aliapa kuwa haina umbea?
Mkono mmoja ulimtoa kitanzini,
mkono wa pili ukamburura barazani.

Wakili akauliza, kama mtu akanyagaye vigae:
kwa nini uliificha nguo hii?
Hakumtazama wakili. Alinitazama mie,
kana kwamba asitake nikosee herufi.
"Sikuificha. Niliizika."

Kisha, pasi na kuulizwa:
"Alienea kiganjani. Sanda sikuwa nayo.
Kanga nilikuwa nayo."

Mwendesha mashitaka: Mtoto wa nani?
Jaji akaweka kalamu chini.
Hilo halimo katika hati ya mashitaka.
Karani, usiliandike.
Sikuliandika. Liliandikwa jioni ile mtaani,
bila wino.

Aliachiwa Alkhamisi.
Talaka ilifika Jumamosi kwa simu,
maneno saba, moja limekosewa.
Nani alimchinja Msellem, hatujui hadi leo;
faili lipo, nalipangusa vumbi.

Wiki ya tatu alikuja dirishani kwangu.
Alisalimia vyema, akauliza hali ya wanangu
mmoja mmoja kwa majina.
Kisha: "Nimekuja kuchukua changu."
Nikatoa fomu. Palipoandikwa Maelezo ya Mali
kalamu yangu ikakwama.
Akaichukua mkononi mwangu,
akaandika mwenyewe, neno moja,
nami nikapiga mhuri juu yake.

Aliitoa kwenye nailoni, akaikunja,
si kama tukunjavyo nguo,
akaiweka begani, akaishikilia kwa kiganja.
Mlangoni askari alinyoosha mkono kumpekua.
Mpishe, nikasema.
Na nikainuka kitini,
kama tuinukavyo
jeneza likipita.